Kumbe Sayari Ipo

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongelea katuni zilizotulea, na mimi nikasema kwa kelele kwamba "In Blackest Night" ndicho kisa kilichoniudhi kuliko vyote katika Justice League. Mwenzangu alicheka, akasema nina kinyongo na katuni ya zaidi ya miaka 20. Ni kweli, ninacho. Muda ukatuishia kabla sijaeleza, kwa hiyo naeleza hapa.

Kwa ambao mlikuwa hamjazaliwa: Justice League ilianza kuonyeshwa Cartoon Network Novemba 2001. Karibu kila kisa kiligawanywa sehemu mbili, ya kwanza inakuacha roho juu, ya pili inamaliza. Green Lantern wao alikuwa John Stewart, mwanajeshi wa zamani, mweusi, mkali kidogo, sauti yake ikiwa ya Phil LaMarr. Nyumbani kwetu hakukuwa na Green Lantern mwingine. Filamu ya 2011 ilipotoka na Ryan Reynolds, mdogo wangu aliuliza huyu mzungu ni nani na ile pete kaitoa wapi.

Basi, kisa chenyewe. Roboti ziitwazo Manhunters zinashuka duniani kumkamata John. Wenzake wanaanza kupigana nazo ili wamtetee, yeye mwenyewe anawazuia na kujisalimisha. Anashtakiwa kwa kuilipua sayari ya Ajuris 5 pamoja na mabilioni ya watu wake. Alikuwa akimfukuza jambazi wa angani, Kanjar Ro, akafyatua mwali wa pete, mwali ukaenda usikotakiwa, na sayari ikapasuka mbele ya macho yake. Mahakamani hajitetei. Pete hana tena. Amesimama tu, anakubali chochote watakachoamua.

Niseme haki: sehemu hii ya kwanza ni nzuri sana. Tulishazoea mashujaa wanaosingiziwa, wanaopiga kelele "si mimi!" mpaka dakika ya mwisho. Huyu anasema ni mimi. Hajui aseme nini zaidi ya hapo, na katuni inamwacha akae kimya. Kwa mtoto lilikuwa jambo la ajabu, na kwetu lilikuwa la ajabu zaidi kwa sababu ya Baba.

Tulikuwa tunaishi Columbus, Ohio. Baba, mtu wa Tanga, alikuwa akifanya shifti ya usiku kwenye nyumba moja ya wazee, ile kazi ambayo wakubwa wetu wanaiita kubeba boksi hata kama hakuna boksi lolote la kubeba. Jumamosi asubuhi anarudi, anakunywa chai ya rangi, anasinzia kwenye kochi huku mimi na mdogo wangu tunaangalia katuni. Hakuwa anaziangalia. Zilikuwa kelele za kulalia tu.

Siku ile (ilikuwa marudio, mwaka uliofuata) hakusinzia. Nikamwuliza, "Baba, mbona hasemi kitu? Si aseme ilikuwa bahati mbaya?"

Akakaa kimya, mpaka nikadhani hajanisikia. Halafu akasema, "Atasema nini, mwanangu? Na sayari haipo."

Nilikuwa na miaka tisa. Sikujua kwamba kazini kwake, wiki chache nyuma, mzee mmoja alianguka. Haya alinisimulia mwenyewe nilipokuwa chuo. Alikuwa peke yake korido nzima, kengele zinalia vyumba vitatu kwa mpigo. Akamkalisha mzee kwenye kiti cha magurudumu, akageuka kuitikia kengele, hakufunga breki. Mzee akajaribu kuinuka, kiti kikarudi nyuma. Akavunjika nyonga, akapelekwa hospitali, hakurudi. Kwenye ripoti Baba aliandika kwamba breki hakufunga yeye. Hakuandika kwamba usiku ule walitakiwa wawe wawili. Hilo ndilo lililomkasirisha Mama. Nakumbuka sauti yake jikoni, "Andika mlikuwa wangapi, baba Zuhura! Andika!", na sikuelewa walikuwa wanahesabu nini.

Katikati ya wiki Baba akaniuliza, "Ile katuni yako ya hukumu ni lini tena?" Baba hajawahi kuulizia katuni, si kabla ya hapo, si baada yake. Jumamosi iliyofuata alirudi kazini akakaa wima kwenye kochi na kikombe chake.

Sehemu ya pili sasa. Flash anajitolea kuwa wakili wa John, halafu anagundua kwamba kwa sheria za kule wakili anapewa adhabu ileile ya mteja wake. Tulicheka sana, na mpaka leo nacheka. Sheria hiyo ingepunguza mabango mengi ya mawakili kwenye barabara kuu za Marekani. Lakini hesabu dakika. Kila dakika ambayo Flash anapiga porojo kuwachelewesha majaji ni dakika ambayo John angeweza kusema. Angesema nini? Sijui, ndicho nilichotaka kusikia! Mtu aliyeua bila kukusudia amesimama mbele ya majirani wa waliokufa. Wao wamepewa nafasi ya kuzomea tu. Hakuna hata mmoja anayetajwa kwa jina.

Wakati huohuo Superman na J'onn wanachunguza eneo la tukio. Wanaona mwezi wa Ajuris 5 bado unazunguka palepale. Mwezi unazunguka nini, kama sayari haipo? Nakiri ni kidokezo kizuri. Tatizo ni kule kinakotupeleka: sayari haikulipuka kabisa. Ilifichwa kwa mtambo, mlipuko ulikuwa kiinimacho, Kanjar Ro alikuwa shahidi wa kununuliwa, na yote ilikuwa hila ya Manhunters ili kikosi cha Green Lantern kichafuke jina, wao wapate njia ya kuvamia Oa, makao ya Guardians waliowaunda zamani na baadaye kuwaweka kando. Hicho nacho ni kisa kinachojitosheleza, watumishi wa zamani waliotupwa, lakini kimepewa dakika chache za mwisho na mapigano mengi. John anaenda Oa, anatamka kiapo chake, anashinda. Kwisha.

Yani ule ukimya wa sehemu ya kwanza, uliotukalisha wima, unageuka kuwa kosa la kuhesabu. John hakuwa mtu anayebeba alichofanya. Alikuwa mtu aliyedanganywa.

Kilichoniongezea hasira nilikikuta baadaye, nikiwa chuo. Kuna kitabu cha katuni cha 1988, Cosmic Odyssey, cha Jim Starlin na michoro ya Mike Mignola. Humo John anatumwa kuiokoa sayari ya Xanshi. Kwa kujiamini kupita kiasi anamwacha J'onn nyuma, anaenda peke yake kwenye bomu, na kulifikia anakuta limepakwa rangi ya njano, rangi ambayo pete yake haikuwa na nguvu juu yake. Xanshi inalipuka. Kweli. Hakuna mtambo, hakuna hila, na hadithi zilizofuata hazikumsahaulisha. Kwa hiyo kisa chenye sayari iliyokwisha kabisa kilikuwepo miaka 13 kabla ya hiki.

Mtaniambia ile ilikuwa katuni ya watoto, huwezi kuua mabilioni ya watu halafu ukaonyesha tangazo la nafaka za asubuhi. Lakini walishawaua! Kwa sehemu nzima ya kwanza wale watu walikuwa wamekufa, tukaamini, na hatukudhurika. Kilichowashinda ni kutuambia mtu anaishije siku inayofuata.

Sayari ilipotokea kwenye skrini, mdogo wangu aliruka kutoka kwenye zulia. "Baba! Ipo! Kumbe ipo!"

Baba akatabasamu, lile tabasamu la kumpa mgeni aliyeleta zawadi usiyoihitaji. "Ee," akasema. "Ipo." Akachukua kikombe akaenda jikoni. Tukasikia bomba la maji likifunguliwa. Kikombe kimoja hakioshwi muda mrefu vile.

Nimeiangalia tena mwezi huu kwa ajili ya kipindi, sehemu zote mbili mfululizo, na maoni yangu ni yaleyale: ya kwanza itazameni, ya pili mkitaka mtazame kwa ajili ya Flash. Halafu nikampigia Baba. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwuliza kama anaikumbuka katuni ya hukumu.

"Ya yule kijana wa pete? Mwisho waliharibu."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza, halafu akasema jambo ambalo hata chuoni hakuniambia. Alikwenda kwenye mazishi ya yule mzee. Alivaa suti ya harusi ya ami, akakaa safu ya nyuma kabisa. Wakati wa kutoka mjane alisimama mlangoni anawashika watu mikono, na yeye akashikwa mkono kama wengine.

"Ulimwambia ni wewe?"

"Alikuwa anajua. Ripoti si walipewa." Nikamsikia akivuta chai. "Alinishika mikono yote miwili."

Kisha akaniuliza kama nimeshabadilisha matairi, maana theluji inakaribia.