Nyumba ya Miti Karibu na Koboko

Msafiri atokaye Arua kwenda Koboko, safari ya kilomita zipatazo 55, haendi mbali kabla ya kuona tanuri la matofali likifuka moshi kando ya barabara. Nyumba ya matofali ya kuchoma ndiyo siku hizi iitwayo nyumba ya kudumu. Ile ya miti, udongo na nyasi huitwa ya muda, na mwenye kuijenga hudhaniwa kuwa hana fedha. Sisi ndugu watatu tulipoamua kujenga nyumba ya namna hiyo katika kichaka kilichoota mahali palipokuwa na mji wa babu yetu, jamaa walitusikitikia.

Aliyetuelekeza ni baba yetu mdogo. Ukoo wetu uliuacha mji huo mwaka 1980, vita vilipofika Koboko na watu wa West Nile walipokimbilia Sudani na Zaire. Mzee alitwambia: “Nyumba nne nimejenga katika nchi mbili, wanangu, na sikuwa na kitu ila panga na mtaimbo.” Tulipomtajia matofali alituuliza tanuri hilo tungelilisha nini. Kwa hesabu yake, kuni za kuchomea matofali ya nyumba moja zingetosha kuwa nguzo za misonge kadhaa. Hatukuwa na jibu, maana kichaka chenyewe tulikuwa tukikitazama.

Kazi iliyochukua muda mrefu haikuwa kujenga bali kuchagua. Siku mbili nzima tulitembea nyuma yake bila kukata kitu. Mti wa shea haukatwi, kwa sababu mbegu zake hutoa mafuta ya kupikia na ya kujipaka. Palikuwa na mche wa ule mti wa jamii ya mbambakofi ambao wataalamu huuita Afzelia africana. Miti mikubwa ya aina hiyo imevunwa mno kwa mbao na mkaa, hata amri ya Rais ya mwaka 2023, iliyopiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda, ikawa imekuja wakati mingi imekwisha kuanguka. Mzee aliuzungushia mche ule miiba, akapita. Nguzo zetu 22 zilitoka katika mikaratusi na katika miti migumu ya porini iliyosongamana, ambapo kuondoa mmoja ni kumpa mwenziwe nafasi. Alipenda hasa ile yenye panda juu, kwani panda hupokea mti wa kulaza pasipo msumari.

Tulikata mwezi wa Januari, kiangazi kikiwa kikali, tukabambua magome na kuibabua miguu ya nguzo kwa moto mpaka ikawa nyeusi, ili mchwa wachelewe. Wako wanaopaka mafuta machafu ya gari. Yanafaa, ila nyumba hunuka kama gereji. Duara lilichorwa kwa kigingi na kamba, mashimo yakachimbwa kwa mtaimbo hadi magotini, na udongo ukashindiliwa kwa mchi. Baada ya hapo zilifungwa fito, na ukuta ukakandikwa kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa hakuna udongo unaoshika kuliko huo. Ndivyo ilivyo huku: mchwa hutupa udongo wa ukuta, na mvua zikianza hutupa kumbikumbi wa kula, kisha hutudai nyumba yenyewe.

Nyasi zilitutaabisha zaidi. Hazina budi kukatwa kabla moto wa kiangazi haujapita porini, na tena haziko karibu kama zamani. Tangu mwaka 2016, wakimbizi kutoka Sudani Kusini walipoanza kupewa viwanja Bidi Bidi, wilayani Yumbe, wahitaji wa nguzo na nyasi wamekuwa wengi mno. Wapo wanaowanung'unikia. Mzee hakutaka kusikia maneno hayo, kwa kuwa yeye naye alikata miti ya Sudani, na wenyewe walimwonyesha ilipo.

Paa la msonge hufungwa chini, kisha huinuliwa zima na kuvikwa ukutani. Siku hiyo ilitupasa kuita majirani na kuandaa chakula, pamoja na kwete kwa wanaokunywa. Walikuja Wakakwa na Walugbara, Wanubi wawili, kijana mmoja wa Kongo, na jirani aliyetoka Yei. Nyumba kwa huyu ni *kadi*, kwa yule *jo*, kwa mwingine *be*. Lakini paa zito haliwezi kusubiri mkalimani, na sauti iliyoliinua ilikuwa ya Kiswahili: inua, shikilia, zungusha kulia, teremsha. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, kile ambacho wazee wa hapa walikizoea katika jeshi la King's African Rifles, na ambacho baadhi yetu walimu hukicheka kwa ngeli zake. Katiba ya Uganda ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005. Wazee hawa walikuwa wakiinulia mapaa kwacho tangu zamani. Neno *kombamoyo*, ambalo wanafunzi wetu hulikariri kwa ajili ya mtihani, hakuna aliyelijua pale, ingawa kila mmoja alikuwa amelishika begani. Wao walisema “miti ya juu”, nasi tuliwafundisha jina lake walipokaa kula. Mnubi mmoja alilipenda, akalirudia mara tatu.

Mzee alihamia kabla ya mvua za Aprili. Nyuma ya nyumba ameegemeza nguzo mbili za akiba, zilizokwisha kubambuliwa na kubabuliwa. Asema ni za upande unaopigwa na mvua, ambao mchwa wataanza nao, na amekwisha mwonyesha mjukuu wake mdogo zitakapoingia.