Mshipa ni upi?

Wengi hufikiri kutafsiri kitabu ni kazi ya kalamu na kamusi tu. Sisi pia tulifikiri hivyo. Tulikuwa na kitabu cha Kifaransa chenye picha za mwili wa mtu, na wauguzi wa misioni yetu walikitaka kwa Kiswahili. Basi tukakesha usiku mwingi, tukafika ukurasa wa 40, ndipo tukakumbuka kuomba ruhusa. Ni aibu kuyaandika hayo, sisi tunaofundisha watoto amri ya saba!

Jibu la wenye kitabu lilikawia. Maneno ni yao, walisema, lakini picha ni mali ya mchoraji; naye aombwe peke yake. Tena walitufundisha jambo tusilolijua. Picha za rangi hupigwa chapa kwa mabamba manne: la buluu, la wekundu, la manjano na la weusi. Maneno yakiwa meusi, mwenye kugeuza lugha hubadili bamba moja tu, na yale matatu hutumika kwa lugha zote. Lakini katika kitabu chetu majina ya viungo yaliachwa meupe ndani ya rangi. Kuyageuza ni kubadili mabamba yote manne.

Na hata kama fedha zingepatikana, nafasi ingetoka wapi? Mahali pa neno la Kifaransa lenye herufi nne, "nerf", sisi tulipaswa kuandika "mshipa wa fahamu". Maana kwetu mshipa ni mshipa: ule mwekundu utoao damu moyoni, ule wa buluu uirudishao, na ule wa manjano usio na damu hata tone. Muuguzi achomaye sindano ya tako asipojua upi ni upi, mgonjwa aweza kulemaa mguu.

Madaktari wa Japani walipatwa na shida iyo hiyo. Mwaka 1771 Sugita Genpaku na Maeno Ryotaku walitazama maiti ikipasuliwa, wakaona picha za kitabu chao cha Kiholanzi ni za kweli. Walikazana miaka mitatu, na mwaka 1774 kitabu kikatoka, picha zimenakiliwa na Odano Naotake. Kwa mshipa wa fahamu hawakuwa na jina. Wakaunga maneno mawili, wakapata "shinkei", na Wajapani hulisema hata leo. Walakini wao hawakuhitaji kumwandikia mchoraji barua.

Mchoraji wetu alikubali: majina meupe yafutwe, namba nyeusi ziwekwe, maelezo yakae chini, mradi mstari wa picha usiguswe hata mmoja. Mabamba mapya yatalipiwa mara moja, na lugha nyingine zikifuata zitayatumia hayo hayo. Tumetia sahihi. Sasa tunazirudia zile kurasa 40, na muuguzi mmoja mzee hukaa karibu nasi. Kila tuandikapo "mshipa" peke yake, yeye hugonga meza.