Sahihi mbili kwenye kava moja

Askari mmoja wa Pori la Akiba Rungwa ana kava la DVD ya King Majuto, lenye sahihi ya mchekeshaji huyo. Aliiomba mwenyewe siku alipomkuta Tanga. Tangu Majuto afariki dunia Agosti 8, 2018, hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Juzi alirudi kutoka doria ya wiki tatu, akakuta limeandikwaandikwa kwa kalamu. Akashika fimbo. Mkewe akamzuia: “Baba Juma, soma kwanza.”

Chini ya sahihi kulikuwa na herufi nne zilizopinda: JUMA. Alipoondoka, mtoto hakujua kuandika hata moja.

Fimbo akaiweka chini. Kava limerudi kabatini na sahihi zake mbili.

Mzazi, ulipokuwa safarini mwanao alijifunza nini?