Shilingi 45,000 za Baba

Baba alikuwa fundi cherehani Majengo, Mombasa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili za miguu, meza ya kukatia, pasi ya makaa na daftari lenye jalada la kijani. Kila mteja alikuwa na mstari wake humo: jina, vipimo, bei, arbuni, baki. Aliyemaliza kulipa alipigwa mstari mwekundu juu ya jina, na baba akiupiga mstari ule alikuwa akisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini, hata kama ni shilingi hamsini.

Mwisho wa mwaka 1993 shule moja ilimwagiza sare 120 kwa shilingi 400 kila moja. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kitambaa alikikopa kwa muuzaji wa Biashara Street, akaazima cherehani ya tatu kwa fundi jirani, na sisi watoto tukashikishwa sindano. Mimi nilikuwa na miaka 11 na kazi yangu ilikuwa vifungo. Januari 1994, shule zilipofunguliwa, tulizipeleka sare zile kwa mkokoteni. Mhasibu wa shule akazihesabu moja moja, akatia sahihi kwenye kipande cha karatasi kuwa amezipokea, akamwambia baba, "Fundi, njoo mwisho wa mwezi uchukue hundi yako."

Shilingi 48,000. Baba alikwenda mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi uliofuata, na mwisho wa muhula. Mara bodi haijakaa, mara karo hazijaingia, mara mwalimu mkuu yuko Nairobi. Alikuwa akivaa kanzu safi kila anapokwenda, kama anakwenda kuposa. Muuzaji wa kitambaa naye hakungoja. Baba alimlipa kwa kuuza cherehani moja kati ya zile mbili, na tangu siku hiyo hatukuwahi kuwa na mbili tena.

Watu humuuliza aliyedhulumiwa kwa nini hakushtaki. Nataka nieleze ilivyokuwa, kwa sababu vijana wa leo hawaamini. Kwanza baba alikwenda kwa chifu. Chifu aliandika barua, na barua haikujibiwa. Akaenda kituo cha polisi, na huko akaambiwa kwa heshima kabisa kwamba deni si jinai: "Mzee, hii ni kesi ya madai, nenda kortini." Kortini hakuna aliyemkataza kuingia. Sheria ilimruhusu mtu kujisimamia mwenyewe, na katika mahakama za chini Kiswahili ni lugha halali ya kusikilizia kesi. Lakini makaratasi yote yalikuwa ya Kiingereza, yenye utaratibu wake na vichwa vyake, na ukikosea kimoja unarudishwa. Wakili aliyekwenda kumwona alitaka shilingi 15,000 kabla ya kufungua faili, na hakumficha kwamba kesi ingeweza kuchukua miaka. Baba alirudi nyumbani akapiga hesabu kwa kidole juu ya meza ya kukatia. Nauli, wakili, siku za kufunga duka. Ilikuwa kama kununua ng'ombe ili upate kikombe cha maziwa.

Palikuwa na jambo jingine pia, nalo lilikuwa la kwetu wenyewe. Kwa watu wa rika la baba, kumpeleka mtu kortini kulikuwa ni kutangaza uadui. Mambo yalimalizwa barazani, kwa wazee, kwa sulhu. Nami naiheshimu sulhu mpaka leo. Ila sulhu yahitaji wawili wanaoogopana aibu, na mhasibu yule hakuwa mtu wa mtaani kwetu. Hakuswali msikiti mmoja na baba wala hakumzika mtu wetu. Aibu ya Majengo haikumfikia.

Mwaka 2001 mtoto wa rafiki yake baba, kijana aliyekuwa amemaliza kusomea sheria, alikuja kututembelea. Baba akamwonyesha kile kipande cha karatasi chenye sahihi, ambacho kilikuwa kimekunjwa hadi mikunjo imetoboka. Kijana alikisoma, akatazama tarehe, akanyamaza. Kisha akasema, "Mzee wangu, deni la mkataba lina miaka sita. Hili lilikufa mwaka jana mwezi wa kwanza."

Baba hakuelewa. Kwake deni lilikuwa deni mpaka kiyama. Mtu anaweza kufa, deni haliwezi. Yule kijana alimfafanulia kwa upole kuwa deni lenyewe lipo, ila mlango wa korti ndio umefungwa. Baba akakikunja kikaratasi, akakirudisha mfukoni, akammiminia mgeni chai. Sikumsikia akiitaja shule ile tena. Alifariki mwaka 2014, na daftari la kijani nikalichukua mimi.

Mimi nilirithi ufundi nikahamia Nairobi, nikawa nashona mapazia. Desemba 2020 nilimaliza mapazia ya vyumba 14 vya nyumba ya kupangisha wageni. Kazi yote ilikuwa shilingi 136,000. Mwenye nyumba alinitumia arbuni ya 50,000 kwa M-Pesa, zikabaki 86,000. Na nyimbo zikawa zilezile, ila sasa zinakuja kwa WhatsApp. Ijumaa. Wiki ijayo. Wageni hawajarudi kwa sababu ya korona. Nilikuwa nikisoma ujumbe wake usiku na kumwona baba ndani ya kanzu yake safi.

Kilichonitofautisha na baba ni tarehe, wala si ujasiri. Katiba ya 2010 ilikuwa imesema katika Ibara ya 48 kwamba serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kama kuna ada, ziwe za kiasi zisizomzuia. Ibara ya 159 ikazitaka mahakama zisiicheleweshe haki wala kuisonga kwa ufundi wa taratibu. Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo. Sheria ile ilikaa miaka mitano kwenye karatasi bila mahakama hata moja kufunguliwa, na miaka hiyo mitano naihesabu kuwa hasara ya mafundi na wachuuzi wengi mno. Mwanzoni kiwango cha juu cha madai kilikuwa shilingi 200,000. Mwaka 2020 kikapandishwa hadi milioni moja. Hatimaye tarehe 26 Aprili 2021, Philomena Mwilu akiwa Kaimu Jaji Mkuu, mahakama ya kwanza ikafunguliwa Milimani, Nairobi. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa nimekaa kwenye cherehani, nikauondoa mguu kwenye pedali.

Julai nilifungua kesi. Nilijaza fomu ya madai kwa msaada wa kijana wa saiba, maana ufunguaji wa kesi Nairobi ulikuwa umekwisha kuhamia kwenye mtandao, nikalipa ada kwa simu. Sikuwa na wakili. Sheria inamtaka mdai afike mwenyewe, na asipoweza amtume mtu anayeijua kesi na mwenye idhini yake. Inasema pia mahakama haibanwi na kanuni ngumu za ushahidi, kesi isikilizwe mfululizo, na hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Anayekaa mbele huitwa mwamuzi. Ukitaka, waweza kuzungumza Kiswahili, na bubu au kiziwi ana haki ya kutumia Lugha ya Ishara.

Siku ya kusikilizwa nilitetemeka. Mwenye nyumba alikuja na hoja ambayo sikuitarajia, kwamba mapazia ni mafupi hayafiki sakafuni. Mwamuzi hakunikemea wala hakunisomea vifungu. Aliniuliza tu, "Mama, vipimo ulivichukua lini, na uliviandika wapi?" Nikatoa daftari langu. Nikatoa picha za kila dirisha nilizopiga siku ya kutundika, ujumbe wa M-Pesa wa arbuni, na zile ahadi zake zote za Ijumaa. Aliyachunguza madirisha moja moja kama fundi. Mapazia ya chumba kimoja kati ya 14 yalikuwa mafupi kweli, na nilikubali palepale, maana baba hakunifundisha kukana mshono mbovu. Hukumu ilitoka siku ya 52. Alinikata 4,000 za chumba kile akaamuru nilipwe 82,000.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sikulia kwa sababu ya fedha. Nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu mtu mwenye mamlaka alikuwa ameuliza habari za vipimo vya fundi na kungoja jibu.

Lakini hukumu ni karatasi, na hili lazima niliseme wazi. Wiki zilipita bila shilingi. Ilinibidi nirudi kuomba hati ya kukamata mali, na dalali wa mahakama alipofika langoni kuandika orodha ya makochi na majokofu, ndipo mdaiwa akapata fedha, akalipa kwa awamu hadi Februari 2022. Usifungue kesi ukidhani mwamuzi atakukabidhi noti. Jua mdaiwa wako ana nini, kiko wapi, na jina lake kamili ni lipi.

Ujue pia si kila jambo linaingia pale. Huingia deni la bidhaa na huduma, fedha zako zilizoshikwa na mtu, hasara iliyoipata mali yako, kurudishiwa kitu chako kinachohamishika, na fidia ya majeraha. Mgogoro wa ardhi haumo. Mshahara na kufutwa kazi havimo. Kuchafuliwa jina hakumo. Vyote hivyo vina pa kwenda kwingine. Na rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria peke yake. Hapo pamezuka jambo linaloniudhi: majaji wamegawanyika juu ya hukumu iliyotolewa baada ya siku 60. Wako waliosema ni batili. Wako waliokataa. Mimi si mwanasheria, lakini nasema hivi: ikiwa mahakama ndiyo iliyochelewa, mdai asiadhibiwe. Siku 60 ziliwekwa kumlinda mama aliyefunga kibanda chake asubuhi ile, zisigeuzwe kuwa shimo la kumtumbukiza.

Nimebakisha jambo moja.

Nilipokuwa naandaa kesi yangu niliisoma Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, nikitaka kujua mimi mwenyewe nina muda gani. Miaka sita kwa mkataba, kama alivyosema yule kijana. Miaka mitatu kwa madhara yasiyo ya mkataba, kwa mfano gari likigonga kibanda chako. Nikaendelea kusoma, nikafika kifungu cha 23. Kinasema mdaiwa akilikiri deni, au akilipa sehemu yake yoyote, saa huanza kuhesabiwa upya kutoka siku hiyo. Kifungu kinachofuata kinataka kukiri kuwe kwa maandishi yenye sahihi.

Nilisimama nikaliendea daftari la kijani. Nililifunua hadi kwenye mstari wa shule, ule usiopigwa wino mwekundu kamwe. Chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa baba: "Machi 1997, mhasibu amenipa 3,000. Baki 45,000."

Alikuwa amelipwa sehemu. Saa ilikuwa imeanza upya Machi 1997, na deni lilikuwa na uhai hadi Machi 2003. Yule kijana alipokaa kwetu mwaka 2001 akasema limekufa, lilikuwa na karibu miaka miwili mbele yake. Hakuonyeshwa daftari, alionyeshwa kile kikaratasi peke yake. Baba hakuzitaja zile 3,000. Namjua, na nadhani najua sababu: aliona haya kusema alikubali kupokea elfu tatu kwa kazi ya elfu arobaini na nane. Na hata angezitaja, palikuwa na penseli yake tu. Mhasibu alimpa mkononi, bila risiti, bila sahihi.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayeshona, unayepaka rangi, unayeuza mboga kwa mkopo, unayekodisha viti vya arusi: leo hii fungua daftari lako utazame tarehe za watu unaowadai. Na mdaiwa akikulipa sehemu ya deni, hata kwa shilingi mia, usiipokee kimya. Mpe kalamu aandike kiasi, tarehe na baki, kisha atie sahihi yake.