Sindano Katika Kibanja

Likizo ya Juni iliyopita nalirudi nyumbani kwetu Kamachumu, wilaya ya Muleba, nikamkuta dada yangu naye amekuja kwa siku chache. Dada asoma uuguzi katika chuo kimoja cha wilaya hiyo. Mtihani ulikuwa karibu, basi mwalimu wake alimwazima mabomba mawili na sindano kumi na mbili mpya ajizoeze kuchoma. Mgonjwa wake alikuwa chungwa. Machungwa yalipokwisha (nisiseme nani aliyeyala) akahamia kwenye shina la mgomba.

Sindano zote kumi na mbili zilikwisha kwa siku mbili! Kila moja aliitumia mara chache akaitia katika kopo la maziwa. Akanipa lile kopo, akasema, "Mdogo wangu, nitunzie, nitalirudisha chuoni."

Lilikuwa kopo lenye kifuniko kizuri, nami nalilitaka niwekee sukari ya kurudi nayo bwenini. Nikazimwaga sindano chini ya migomba. Kwetu Buhaya kila kitu hurudi kibanjani: maganda, majivu, samadi ya ng'ombe. Labda ndiyo sababu sikuona vibaya, ingawa nalijua kwamba chuma hakiozi kama ganda la ndizi.

Siku ya tatu Bibi alikuwa akitandaza nyasi kibanjani kwa mikono yake. Mara akaja uani ameshika kiganja, damu inatoka, wala hakusema neno. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata Bibi alizika watoto wake wawili. Kwake sindano ya kuokotwa chini si jambo dogo.

Tulimpeleka zahanati, na sindano yenyewe tumeifunga katika karatasi. Mganga akauliza, "Hii ilimchoma nani kabla yake?" Akaeleza kwamba kama haijulikani, Bibi huenda akahitaji dawa za kila siku kwa siku 28, na ni lazima aanze kabla ya saa 72 kupita. Dada akasema zake zimo koponi. Nami nikanyamaza. Nalitazama sakafu muda mrefu kabla ya kusema kweli, na Bibi alikuwa akinitazama wakati wote huo.

Tukarudi kibanjani. Dada akaokota kwa koleo, mimi nikafunua nyasi. Hadi magharibi tulipata kumi. Nyingine tuliipata kwa tochi. Kumi na moja, na ile ya Bibi, zikatimia kumi na mbili. Basi ikajulikana kwamba iliyomchoma haikupata kugusa mtu ila mgomba. Mganga akamchoma sindano ya pepopunda tu.

Usiku ule Bibi alituambia kwamba zamani bomba lilikuwa la kioo, sindano ikachemshwa sufuriani, ikatumika kwa mstari mzima wa watu. Dada akajibu kwamba si wote waliochemsha vizuri, na maradhi yakapita kutoka mkono hata mkono. Ndiyo maana mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walihimiza kwamba ifikapo mwisho wa 2003 chanjo zote zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yakitumika mara moja. Ni jambo jema, lakini lundo la takataka likakua, nalo huchomwa moto na kutoa moshi.

Kisha dada akacheka mwenyewe. "Lakini chungwa halina damu ya kuambukiza. Kwa nini nalitumia kumi na mbili?"

Alimpelekea mwalimu wake swali hilo. Sasa katika kundi lao kila mwanafunzi ana bomba moja na sindano moja ya mazoezi, hata itakapokuwa butu. Bomba ni la kawaida, maana lile la kujifunga huvuta maji mara moja tu. Vyote vimepakwa rangi nyekundu visije vikapotelea wodini, na huhesabiwa vikitoka na vikirudi. Glavu za mazoezi nazo hufuliwa na kuanikwa. Kwa mgonjwa hakuna kilichobadilika: kila kitu ni kipya.

Kopo lilirudi chuoni na sindano zake kumi na mbili. Mimi nalirudi Bukoba na sukari yangu katika karatasi, ikamwagika nusu ndani ya basi.