Upepo na Vibao vya Juu ya Barabara

Wengi wetu hupita chini ya vibao vikubwa vilivyotundikwa juu ya barabara kuu, wala hatuinui macho ila kutafuta jina la mji tuendako. Napenda kueleza kazi iliyofichika humo, maana uhai wa wasafiri unaitegemea.

Kibao ni kama tanga la jahazi: hukinga upepo. Upepo wa kilomita 72 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 25. Mwendo wake ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne, ikawa kilo 100. Basi kibao cha mita 4 kwa 5 husukumwa kwa tani 2! Ndiyo sababu mhimili wa juu aghalabu huundwa kwa vyuma vilivyofungwa pembetatu pembetatu, kama kenchi ya paa.

Lakini tufani si adui wa pekee. Mwaka 1940 daraja la Tacoma Narrows, Marekani, lilipindwapindwa na upepo wa kilomita 64 tu kwa saa hata likaanguka, nalo lilikuwa limetumika miezi 4 tu. Vibao navyo hutikiswa na upepo wa kiasi, na pia na malori yapitayo chini yake. Kunja waya na kuukunjua: mara ya kwanza haukatiki, lakini mwishowe hukatika. Ndivyo chuma kinavyochoka, hasa penye maungio ya kulehemu na kwenye boliti za kitako cha nguzo.

Mwaka 2001 wahandisi wa Marekani walitoa kanuni zilizotaka uchovu huo upigiwe hesabu. Dawa zake ni kama hizi: kutumia nguzo mbili badala ya nguzo moja yenye mkono mrefu, kunenepesha bamba la kitako, kufunga vifaa vya kutuliza mtikisiko, na kukagua nati na nyufa kila mara. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tangu nilipojua haya, hesabu za kipeo cha pili sizioni tena kuwa za mtihani tu. Wenzangu, tuzisome kwa bidii, nasi tumheshimu fundi apandaye nguzoni na spana yake. Hatumjui jina, lakini kwa kazi yake twapita salama.