Penye miti hapana wajenzi

Msomaji, huenda una ndugu au jirani aliyesomea Moscow. Tangu chuo kilichokuja kuitwa Patrice Lumumba kifunguliwe 1960, Wakenya wengi wamepitia mji huo. Mwulize habari zake, naye atakusimulia theluji na magari moshi yapitayo chini ya ardhi. Lakini mwulize kuhusu vijiji, na huenda akakosa la kusema.

Mimi na marafiki watatu tuliazimia kujionea wenyewe. Asubuhi moja ya Agosti tulipanda gari moshi hadi Tver, mwendo wa kilomita 170 hivi kutoka Moscow. Huko rafiki mwenyeji alitupokea kwa gari lake. Lami ikaisha, ikaja changarawe, kisha tope tupu katikati ya msitu.

Nyumba za huko huitwa izba. Hujengwa kwa magogo mazima yaliyolazwa moja juu ya jingine, na madirisha huzungushiwa mbao zenye nakshi. Ndani kuna jiko kubwa la matofali. Wakati wa baridi watu hupika humo, na usiku hulala juu yake. Tulihesabu nyumba 23. Zenye watu zilikuwa mbili tu. Nyingine paa zimebonyea, na miti imeota sebuleni.

Ni nini kilichokikausha kijiji? Si jambo moja. Miaka ya 1930 wakulima walilazimishwa kuingia katika mashamba ya pamoja. Kisha vita vya 1941 hadi 1945 vikameza wanaume. Kando ya njia upo mnara mdogo wenye majina yao, na jina la ukoo mmoja limerudiwa mara tano. Miaka ya 1960 na 1970 serikali ilivihesabu vijiji vidogo kuwa visivyo na mustakabali, ikavinyima shule na maduka. Wakulima wengi hawakuwa na vitambulisho kama watu wa mjini, hadi amri ya 1974 ilipowaruhusu. Vijana wakashika njia. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika 1991, mashamba mengi ya pamoja yakafilisika. Sensa ya 2010 ilikuta vijiji zaidi ya 19,000 nchini Urusi havina hata mtu mmoja.

Katika nyumba ya kwanza tulikaribishwa na babushka, yaani nyanya, mwenye umri wa miaka 81. Alituandalia viazi, matango ya chumvi na chai. Gari linalouza mkate hufika mara moja kwa juma. Theluji ikizidi, haliji. Tulimwuliza mbona asihamie mjini kwa bintiye.

"Nikienda," akasema, "yule wa ng'ambo atatazama moshi wa nani?"

Akatueleza. Kila asubuhi ya baridi yeye hutazama bomba la moshi la jirani yake, na jirani hutazama lake. Moshi ukifuka, mwenzako yu hai. Usipofuka, vaa viatu uende. Nyumba zile mbili hazina ulinzi mwingine.

Nawe ukijaliwa kufika huko, nenda wakati wa kiangazi. Vaa suruali ndefu, na usiguse mmea unaompita mtu kwa kimo, wenye maua meupe kama mwavuli. Huitwa borshchevik. Ulipandwa baada ya vita uwe lishe ya ng'ombe; mashamba yalipoachwa, ukatapakaa. Utomvu wake ukikupata kisha jua likakupiga, ngozi hubabuka kama iliyomwagiwa maji moto.

Usiondoke na kitu kutoka nyumba tupu, hata kijiko, kina mwenyewe. Beba mkate, sukari na viberiti. Kisha kaa kitako unywe chai, maana wageni ni haba. Magogo ya kujengea yamejaa msituni kote, lakini wahenga walikwisha kusema: penye miti hapana wajenzi.